Ufa na Chokaa: Maradhi ya Kuta za Nyumba za Pwani na Dawa Zake

Wahenga wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta. Methali hii tumeisoma shuleni, tumeisikia barazani, na sisi tunaotunga mashairi tumeitumia mara nyingi tulipotaka kuonya juu ya uzembe, ugomvi wa ndugu au ubadhirifu wa mali ya umma. Tumezoea kuitazama kama fumbo hata tumesahau kwamba ina maana yake ya wazi: inazungumzia nyumba, ukuta na ufa. Katika makala haya tunataka kuirudisha methali ukutani, na kuuliza swali moja ambalo yenyewe haikulijibu. Ufa unazibwa kwa kitu gani? Kwa watu wa kale swali hili halikuwa na haja, maana jibu lilijulikana na kila mtu. Kwetu sisi wa leo lina haja kubwa, kwa kuwa nyumba nyingi za mawe katika pwani yetu zimeharibika mikononi mwa watu waliokuwa wakizitengeneza.

Tuanze na ukuta wenyewe. Mtu akisimama katika kichochoro cha Mji Mkongwe wa Unguja, mahali ambapo lipu imebanduka, atauona mwili wa nyumba ulivyo. Ataona vipande vya mawe ya matumbawe, vikubwa kwa vidogo, vimepangwa bila ya kuchongwa sana, na kati yake chokaa iliyochanganywa na mchanga na udongo mwekundu. Ukuta wa namna hii huwa mnene, aghalabu nusu mita au zaidi. Juu yake hulala boriti za mikoko, na kwa kuwa mkoko haurefuki kupita kiasi, upana wa chumba hauzidi sana mita 2.5 au 3. Ndiyo sababu vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha humwagwa zege ya chokaa, ikapondwa mpaka ikashikamana, ikawa sakafu. Neno sakafu katika Kiarabu lilikotoka maana yake ni paa au dari. Na kwa kweli katika nyumba ya ghorofa kitu ni kimoja, paa la aliye chini ndiyo sakafu ya aliye juu.

Ujenzi huu si wa jana. Kilwa Kisiwani ungali upo Msikiti Mkuu, ambao ulianza kujengwa katika karne ya 11 au ya 12, kisha ukapanuliwa na kuezekwa makuba ya matumbawe na chokaa. Katika kisiwa hicho hicho, juu ya jabali linaloelekea bahari, yako magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la mwanzoni mwa karne ya 14. Ndiye sultani aliyemkuta Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331. Katika miji ya Lamu na Pate, mafundi wa karne ya 18 waliipandisha lipu daraja. Haikuwa tena nguo ya kusitiri mawe tu. Waliichonga zidaka ukutani, safu juu ya safu, na wenye nyumba wakapanga humo vyombo vyao vya kaure. Mgeni aliyeingia ndani alijua mara moja yuko katika nyumba ya watu wa namna gani, na aliyemjulisha ni chokaa.

Basi chokaa ni nini? Ni jiwe lililopitishwa motoni. Wazee walizipanga kuni, aghalabu magogo ya mikoko au ya minazi, kwa umbo la duara, wakapandisha juu yake vipande vya matumbawe, wakawasha tanuu. Joto likifika kadiri ya nyuzi 900 za Selsiasi, jiwe hutoa hewa iliyofungwa ndani yake, likawa jepesi na kali. Hilo ndilo chokaa lisilozimwa, nalo likikutana na maji huchemka lenyewe bila ya moto. Likishazimwa, liliachwa litulie muda mrefu, majuma au miezi, kwa kuwa chokaa lililokomaa huwa laini na hushika vizuri. Likipakwa ukutani huanza kuvuta tena polepole, kutoka katika hewa tunayovuta sisi, ile hewa liliyoipoteza motoni, na hivyo hurudi kuwa jiwe. Kazi hiyo haimaliziki kwa siku moja. Huchukua majuma, na ndani ya ukuta mnene huchukua miaka.

Kutokana na asili hiyo, chokaa ina tabia mbili ambazo ndizo msingi wa maneno yetu yote. Kwanza, si ngumu sana. Nyumba ikitulia kidogo katika udongo, chokaa hukubali, ikapasuka nyufa ndogo kama unywele badala ya ufa mmoja mkubwa. Pili, hupumua. Unyevu unaopanda kutoka ardhini, au uliopenya wakati wa masika, hupata njia ya kutoka nje kupitia lipu na ukakauka kwa upepo na jua. Ukuta wa matumbawe hauna kinga dhidi ya maji. Kinga yake ni kule kukauka kila unapolowa.

Hapa hatuna budi kusema neno juu ya saruji. Jina hili ni la zamani kuliko mfuko wa karatasi linakoandikwa sasa. Katika Uajemi na Omani, saruji lilikuwa jina la dongo la waashi la tangu kale, la udongo uliochomwa au uliochanganywa na chokaa, lililotumika katika mifereji ya maji, mabirika na ngome. Waswahili walilipokea jina hilo, na ilipokuja saruji ya viwandani tuliivika jina lile lile. Saruji hii ya pili ni kitu kingine kabisa. Asili yake ni Uingereza, ambako Joseph Aspdin alipewa hataza yake mwaka 1824. Katika pwani yetu kiwanda cha Bamburi, karibu na Mombasa, kilianza kuitoa mwaka 1954, na kile cha Wazo, Dar es Salaam, mwaka 1966. Hatuitukani saruji. Kwa hiyo tumejenga shule, zahanati, madaraja na visima vya taifa huru. Lakini jina moja lilituficha jambo moja: tulidhani kwamba kilichoufaa ukuta wa tofali za saruji kitaufaa na ukuta wa matumbawe.

Mambo mengine nayo yalikuja pamoja. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilikuwa mali ya Serikali, na watu wengi waliokuwa hawana makazi wakapata humo pa kuishi. Nyumba iliyojengwa kwa ajili ya jamaa mmoja ikakaliwa na jamaa watano au sita. Yakaongezwa majiko, vyoo na mabomba pasipokuwa na mahali pake, na kodi ilikuwa ndogo isiyotosha matengenezo. Waashi wa chokaa walizeeka, na vijana wao wakajifunza kazi ya saruji, kwa sababu ndiyo iliyokuwa na soko. Saruji hukauka kesho; chokaa hutaka subira, na subira haikuandikwa katika mkataba wowote.

Tunayasema haya tukijua kwamba sisi wenyewe tumo katika lawama. Katika miaka ya 1990, tulipokuwa makarani vijana, ofisi yetu ilikuwa katika nyumba ya mawe ya ghorofa mbili. Ukuta wa chini, upande wa kaskazi, ulikuwa ukitoa unga mweupe na lipu yake ikianguka vipande vipande juu ya majalada. Tuliagizwa tuandike maombi ya vifaa, tukaandika: saruji mifuko 12, rangi ya mafuta madebe manne. Sahihi iliyo chini ya karatasi ile ni yetu. Kazi ikafanywa kwa siku sita, ukuta ukang'ara kama sahani, na mkubwa wetu akatusifu. Masika ya kwanza ikapita salama. Masika ya pili rangi ikaanza kufura malengelenge. Kabla ya masika ya nne unyevu ulikuwa umepanda mpaka juu ya madirisha, mahali ambapo haukupata kufika kabla, na vichwa vya boriti mbili vikaoza ndani ya ukuta hata dari ikabonyea juu ya meza ya mwenzetu mmoja. Siku ile ilikuwa Jumapili, nasi tunamshukuru Mungu.

Alipoletwa mzee mmoja, mwashi aliyerithi kazi kwa baba yake, hakugusa chombo chochote kwa muda wa saa nzima. Tulimwamkia, tukamwonyesha mahali palipoharibika. Akatuitikia, akatuambia, "Hapo ndipo panapolia, wanangu. Mimi namtafuta anayepaliza." Akatoka nje, akatazama mfereji wa paa, akatazama bomba la choo cha jirani, akatazama jinsi barabara ilivyoinuliwa kwa kutiwa kifusi juu ya kifusi mpaka ikawa juu kuliko sakafu ya ndani. Kisha akarudi, akaugonga ukuta kwa kifundo cha kidole toka pembe hii hadi ile. Mahali lipu iliposhika, sauti ilikuwa nzito. Mahali ilipoachana na mawe, ililia kama debe tupu. Karibu ukuta mzima ulilia kama debe.

Maelezo ya mzee yule yanakubaliana na elimu ya sayansi ya majenzi. Katika matumbawe, na katika mchanga wa pwani uliotumiwa kujengea, mna chumvi. Maji yanapopanda ukutani huiyeyusha chumvi hiyo na kwenda nayo. Yakifika juu ya uso wa ukuta maji hutoweka hewani, chumvi ikabaki, na inapoganda huvimba na kuisukuma lipu. Ukuta wa chokaa ukifanya hivyo hupoteza lipu yake kidogo kidogo, nayo hupakwa upya. Ndiyo kazi ya lipu kuumia kwa niaba ya mawe. Ukuta ukivikwa saruji na kupakwa rangi ya mafuta, maji hayana pa kutokea. Hupanda juu zaidi yakitafuta njia, na chumvi huganda nyuma ya saruji, ndani ya mwili wa ukuta, ikasaga dongo linaloshika mawe. Siku saruji inapoanguka, huanguka na nyama ya ukuta.

Kwa hiyo tiba ina mpango wake, nasi tutaueleza kwa ufupi kama tulivyouona ukifanywa, kwa faida ya kila mwenye nyumba ya namna hii.

Kwanza, zuia maji kabla ya kugusa lipu. Tengeneza paa, mifereji na mabomba. Ondoa kifusi kilichoegemea ukuta. Ng'oa mti uliootea ufani pamoja na mizizi yake. Rangi iliyopakwa juu ya ukuta unaovujiwa ni pesa iliyotupwa.

Pili, bandua saruji kwa patasi na nyundo ndogo, polepole, kuanzia palipoachana. Chumvi iliyojitokeza isioshwe kwa maji, maana itayeyuka na kurudi ndani. Ipigwe brashi kavu, ikusanywe na kutupwa mbali. Kisha ukuta uachwe wazi ukauke, ikiwezekana kiangazi kizima.

Tatu, pima ufa. Ufa mwembamba wa lipu hauna hatari. Ufa unaopita katika mawe yenyewe ni wa kuogopwa. Weka juu yake kibandiko kidogo cha lipu, uandike tarehe, ungoje. Kibandiko kikipasuka, nyumba bado inatembea, na anayetakiwa ni mhandisi kabla ya mpaka rangi. Kisipopasuka, ufa ni kovu la zamani, nao waweza kujazwa.

Nne, paka lipu ya chokaa, aghalabu kipimo kimoja cha chokaa kwa vitatu vya mchanga safi usio na chumvi. Ukuta unyunyizwe maji kwanza, usije ukainywa lipu ikafa kabla ya kushika. Ipakwe kwa matabaka membamba, kila tabaka kiasi cha sentimita moja, na la pili lisipakwe mpaka la kwanza limeshikamana. Ifunikwe kwa magunia mabichi jua lisiipige. Fundi alinde macho yake na ngozi yake, kwa kuwa chokaa huunguza. Lipu ikipasuka siku ya pili, ama ilikaushwa haraka au ilipakwa nene. Isuguliwe tena ingali mbichi.

Tano, rangi. Kwa ukuta huu dawa ni maji ya chokaa, mepesi kama maziwa, yapakwe mikono mitatu au minne. Anayependa rangi nyingine atie udongo wa rangi. Itachujuka kwa miaka, naam, lakini haitafura wala haitabanduka kama ngozi ya nyoka. Wazee walipaka upya kila zinapokaribia sikukuu, na katika kupaka huko waliuona kila ufa ungali mchanga. Pambo la nyumba na ukaguzi wa nyumba vilikuwa kazi moja. Hapa ndipo methali yetu ilipokuwa ikitimizwa bila ya mtu kuitamka.

Msomaji anayekaa katika nyumba ya tofali za saruji asidhani kwamba tumemsahau. Kwake saruji ndiyo ipasayo, na maradhi yake mengi hutokana na haraka ile ile. Lipu mpya ipewe majuma manne hivi ikauke kabla ya rangi ya mafuta. Chokaa ya zamani inayotoka unga mkononi ikwanguliwe kabla ya kupakwa rangi ya maji, ama sivyo rangi itashika unga, na unga hautashika ukuta. Na yule wa nyumba ya miti na udongo anajua tangu utotoni kwamba ukuta uliokandikwa kwa udongo huzibwa kwa udongo. Mama zetu wa bara na wa pwani waliokuwa wakikandika kuta zao kila mwaka walikuwa na elimu hii, ingawa hakuna aliyeiita elimu.

Haifai, hata hivyo, tuyasifu ya kale bila ya kuhesabu gharama yake. Kila tanuu liliteketeza kuni nyingi, na mikoko iliyokatwa ovyo huliacha pwani wazi na samaki bila ya mazalio. Kuvunja matumbawe yaliyo hai baharini ni kujibomolea ukuta mwingine, ule unaozuia mawimbi. Mtu wa leo anayetaka chokaa atumie mawe ya nchi kavu, na anayechoma apande miti. Chokaa ya kutengenezea nyumba zilizopo si nyingi ukilinganisha na ile iliyozijenga. Tatizo kubwa zaidi ni mikono inayojua kuitumia.

Juu ya mikono hiyo kazi imefanywa. Mamlaka ya kuhifadhi na kuendeleza Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985. Katika miaka ya 1990 zahanati ya zamani iliyopo Mizingani, ambayo ujenzi wake ulianza mwaka 1887, ilitengenezwa upya kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan, mapambo yake ya lipu yakarudishwa. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, zilizokuwemo tangu 1981, ziliandikwa mwaka 2004 kuwa hatarini, na baada ya kazi ya miaka kumi zikatolewa katika orodha hiyo ya hatari mwaka 2014. Haya yanaonyesha kwamba ukuta wa wazee wetu unaponyeka.

Lakini tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya Beit al-Ajaib, jumba la mwaka 1883 la Sayyid Barghash, ilianguka katika muda wa dakika chache, na watu wawili wakafa. Jumba lile lilikuwa uso wa mji kwa kila aliyefika kwa chombo. Tangu siku hiyo hatuwezi kusema tena kwamba lipu na rangi ni mambo ya urembo. Chini ya kuta hizi wanalala watoto, wanakaa wazee, wanapita wanafunzi.

Mzee mwashi wa ofisi yetu alifanya kazi ile kwa miezi saba, na vijana wawili wa mtaani wakimchanganyia chokaa. Yeye sasa ni marehemu, Mungu amrehemu. Mmoja wa vijana wale ndiye anayeitwa leo ukuta unapolia. Sisi tumebakia na kazi ndogo zaidi. Kila inapofika mezani kwetu karatasi ya maombi ya vifaa kwa nyumba ya mawe, huanza kwa kusoma mstari unaotaja saruji, na kabla ya kutia sahihi tunamwuliza aliyeileta: je, maji yanatoka wapi?